Mwaka Ambao Chumba Changu Kiligeuka Choo

Udongo wa kaburi la Susu Syombua, bibi mwenye ploti yetu, ulikuwa bado umeshika soli za viatu vyangu wakati mwanamume mmoja mwenye miwani ya jua aliponifuata kwenye foleni ya chakula na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Sasa mama ameenda. Nyinyi wapangaji mtahama lini?" Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa ameshika sahani akingoja muthokoi, mahindi ya kukoboa, kama sisi sote, na kijiti cha meno kilikuwa tayari mdomoni kabla hata hajala. Alisema kuna mtu anayeitaka ile ploti, mtu mzuri, mtu wa kulipa mara moja, na kwamba wenye akili huanza kutafuta vyumba mapema. Mimi ni mtu wa kuandaa majibu. Kabla ya kupiga simu hujizoeza salamu. Nikiandika ujumbe huusoma mpaka maneno yapoteze maana, kisha huufuta na kuanza tena. Pale kwenye foleni sikuwa nimeandaa chochote, kwa hivyo nilisimama na sahani tupu nikitazama vifungo vya shati lake, na kwa muda huo nilikuwa tena na miaka ishirini, mwaka ule ambao wenye nyumba kubwa walitaka tuondoke na Susu akakataa. Jibu alilolipata huyo bwana nitalisema mwishoni. Halikutoka kwangu, na bila ule mwaka halina uzito.

Nilikuwa nimetoka upande wa Kyuso. Ya nyumbani nayaacha nyumbani. Nilipita Kabati, ambako nilijaribu kazi nikakosa, nikafika kwenye mji wetu na brashi chache zilizoviringishwa ndani ya leso na kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Naandika mabango. Nilijifunza kwa kunakili vichwa vya habari kwenye magazeti ya kufungia nyama, na kwa kutazama video kwenye simu ya kioo kilichopasuka, nikiisimamisha kila baada ya herufi moja. Mtu aliyejifunza peke yake haishi bila wasiwasi. Kila siku hudhani kuna somo moja ambalo wenzake walifundishwa siku yeye hakuwepo, na kwamba siku moja mteja atalitaja somo hilo mbele za watu. Kwa hivyo nilikuwa napima kwa uzi wa chaki, nafuta, napima tena. Bango la bucha moja lilinikalia mpaka mwenye bucha akaja mwenyewe, akanitazama nikifuta pembe ya mbuzi niliyemchora, akasema, "Dada, huyu mbuzi atazeeka kabla umalize. Nitauza nini?" Watu walicheka. Mimi nililia chumbani, halafu nikaifuta ile pembe tena, kwa sababu ilikuwa kweli imepinda.

Chumba hicho kilikuwa cha kwanza kutoka barabarani katika ploti ya Susu, kwenye kilima tunachokiita Kwa Mbuvu. Ploti, kwetu, ni uwanja mmoja wenye safu ya vyumba vya kupanga: kila mtu na mlango wake, kila mtu na taa yake moja, bomba moja na choo kimoja cha wote. Ya Susu ilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa hapo hapo uwanjani, na shimo lililotoa udongo huo lilikuwa bado lipo, limegeuka bustani ya sukuma. Kitanda changu kiligusa ukuta wa barabara. Usiku nilisikia pikipiki zikipita karibu na kichwa changu kana kwamba zinauliza njia. Dirisha lilikuwa dogo, la chuma, na kwenye kizingiti chake nilipanga mikebe ya rangi kwa ukubwa. Jirani akiusogeza mmoja nilijua kabla sijavua viatu. Kilikuwa chumba ambacho mtu wa kipato changu angeweza kukilipia na bado akala. Hapakuwa na kingine cha namna hiyo karibu na mji. Pande zote mbili za ploti zilikuwa zimezungukwa na nyumba za ghorofa na kuta zenye vioo juu, nyumba za walimu wakuu waliostaafu, za wanakandarasi, za watu wanaofanya kazi Nairobi na kuja Krismasi. Na sisi tuliolala kwa Susu ndio tuliolinda mageti yao, tuliofua nguo zao, tuliowaletea maziwa.

Maziwa yalikuwa ya Halima, jirani yangu wa mlango wa pili. Watu wake walitoka kaskazini mashariki na mifugo, na yeye alibaki akauza maziwa na chai ya viungo. Kila jioni alinigongea ukuta na kijiko, maana yake chai iko tayari, nami niligonga kwa mpini wa brashi, maana yake nakuja. Lakini chakula chenyewe kilikuwa jikoni kwa Susu. Hakuna mpangaji aliyealikwa, na hakuna aliyefukuzwa. Ungepita kwenda bombani, ungesikia "Wee Mumbua, unapita kama polisi?" na ungejikuta umekaa kwenye kigoda na bakuli la muthokoi na mbaazi, moshi machoni, ukisikiliza. Susu alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mara nyingi hakutazama anayemwambia. Alitazama sufuria na kuiambia sufuria.

Aliyekuwa akikoroga alikuwa Ndinda. Nilikaa miezi kadhaa nikidhani Ndinda ni binti yake, kwa sababu alimwita Mwaitu, mama. Halafu jioni moja nikasikia watoto wa Ndinda wakisoma majina yao kutoka vitabu vya shule, na jina la mwisho la kila mmoja lilikuwa la mume wa Susu, ambaye alikuwa amekufa kabla Ndinda hajavunja ungo. Nilihesabu miaka kichwani, haikulingana, na uso wangu lazima ulionyesha, kwa sababu Ndinda alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mwaitu, huyu hajui," alisema. "Huyu msichana wa Kyuso hajui."

"Kyuso wanajua," Susu aliiambia sufuria. "Ni yeye tu anaangalia herufi sana."

Nilijua, kwa kweli. Nilikuwa nimesikia, ila sikuwahi kula kwenye nyumba ya namna hiyo. Susu alifiwa na mume bila kupata mtoto. Kwa hivyo alifanya jambo ambalo Wakamba wamelifanya tangu zamani: alitafuta msichana, akapeleka mbuzi kwao, akakaa na wazee wao, akamuoa. Iweto, ndivyo inavyoitwa. Ndinda akaja, akajengewa nyumba yake na jiko lake kando ya nyumba ya Susu, akazaa, na watoto, baba wa damu awe nani, wakawa wa ukoo wa marehemu. Yalikuwa mambo ya wazi, mbuzi walitembea mchana. Kanisani tu ndipo yalipozungumzwa kwa sauti ya chini, na Susu alikuwa mtu wa kanisa, benchi la tatu, kila Jumapili, na Ndinda pembeni yake.

Mwaka ule ulianza kuharibika siku Mwalimu Mutisya aliponiletea kazi. Alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba wa Kwa Mbuvu. Nyumba yake ya paa la kijani ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alinikuta kwenye kibanda changu karibu na soko, akiwa na mbao nzuri sana, iliyopigwa randa, pana kama mlango. Alitaka herufi nyeupe juu ya kijani. Alinisomea maneno polepole kama imla: eneo hili ni la makazi ya familia, nyumba za kupanga haziruhusiwi.

"Haziruhusiwi na nani, Mwalimu?" niliuliza. Niliuliza kwa sababu ya nafasi. Nilikuwa nafikiria kama jina la ofisi litatosha chini.

"Mpango wa kaunti unakuja. Kila ploti, nyumba moja, familia moja. Haya mambo ya vyumba vyumba yataenda upande ule wa mto." Alisema kwa upole. Alipenda kazi yangu. Alikuwa amelisifu bango la duka la dawa. "Wewe unakaa wapi, msichana?"

"Kwa Susu Syombua."

Aliitazama mbao, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akasema, "Lakini kazi ni kazi," akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Nitasema ukweli kuhusu usiku ule kwa sababu unanihusu mimi tu. Kabla sijakasirika, nilipanga herufi. Kichwani nilikuwa nimeshapima, nimeona neno "haziruhusiwi" ni refu mno kwa mstari mmoja, nimeshatafuta njia ya kulibana bila kulifanya liwe baya. Hasira ilikuja baadaye, nikiwa nimelala na ukuta wa barabara ukinigusa bega, nilipoelewa kwamba herufi hizo nzuri zingesimama nje ya dirisha langu. Asubuhi niliibeba ile mbao kichwani mpaka jikoni kwa Susu nikaisimamisha ukutani, tupu.

Halima aliitazama akiwa na debe la maziwa mkononi. "Wanataka maziwa saa kumi na mbili asubuhi," alisema, "lakini hawataki mwenye maziwa alale karibu. Kwani yatatembea yenyewe?"

"Upande wa mto kuna nini?" Ndinda aliuliza.

"Mbu," alisema Susu. "Na kodi ya wenye tamaa, kwa sababu watajua hatuna kwingine." Akasukuma kuni ndani. "Hiyo mbao usiirudishe. Na usiiandike. Iache ikae hapo ituone tukila."

Ikakaa. Wiki zilipita, tulikula mbele yake, na habari zikaja kidogo kidogo. Kulikuwa na ramani kwenye ofisi za kaunti ambayo mtu yeyote angeweza kwenda kuitazama, nami nikaenda, nikamwomba afisa wa mipango anionyeshe kilima chetu. Kilikuwa kimepakwa njano. Njano ilimaanisha familia moja kwa kila ploti. Afisa alikuwa kijana, mgeni wa sehemu zetu, mwenye subira. Aliniambia hata vile vyumba vikiondoka, uwanja ule ungekuwa bado na tatizo, kwa sababu una nyumba mbili na majiko mawili. "Hao ni mama wawili tofauti," alisema. "Mpango unahesabu hizo ni familia mbili. Moja itabidi ivunje." Nilirudi nikipanda kilima bila kuona njia. Mpaka siku hiyo nilidhani tunapigania vyumba. Kumbe walikuwa wanamwondoa Ndinda pia.

Nilipowaambia, Ndinda ndiye aliyesema lile jambo. Alikuwa anapepeta mahindi, na alisema bila kuacha. "Na Mwalimu amekubali hiyo? Mwalimu, ambaye mama yake alitolewa mbuzi na yule mama wa kule chini bondeni? Jina analotembea nalo ni la bwana wa yule mama. Watu wazima wote wanajua."

"Ndinda," Susu alisema.

"Si ni ukweli, Mwaitu?"

"Pepeta mahindi."

Kulikuwa na kikao kinakuja, cha wananchi kutoa maoni kabla mpango haujapitishwa, kwenye ukumbi wa kanisa. Ilikubaliwa kwamba mimi nitawasemea wapangaji, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, na watu hudhani mwandiko na ulimi ni kitu kimoja. Sijawahi kuteseka kama nilivyoteseka na hotuba ile. Niliiandika, nikaipasua, nikaiandika kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa Kiswahili cha redio, kwa Kiswahili chetu. Wateja walingoja mabango. Niliamka na sentensi moja mdomoni na kulala nayo. Na katikati ya hotuba, pale panapofaa kabisa, niliweka habari ya Mwalimu na mama yake. Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote, na kila nilipoisoma nilisikia ukumbi ukinyamaza.

Siku ya mwisho nilimsomea Susu jikoni. Alisikiliza akichambua mboga. Nilipofika kwenye ile sentensi mikono yake ilisimama, na kwa mara ya kwanza alinitazama mimi badala ya sufuria.

"Hiyo toa."

"Susu, lakini ni ukweli."

"Ni ukweli wa mama yake. Si wako."

"Bila hiyo hawatasikia."

"Sasa wewe sikia. Ukiisema vile umeiandika, unasema ni aibu. Unamwambia mtu, angalia uchafu wako. Mimi si uchafu. Ndinda si uchafu. Nikishinda kwa hiyo, nitakaa kwa hii nyumba namna gani?" Akarudi kwenye mboga. "Toa. Na uache kuandika andika, utamaliza macho."

Niliitoa. Hotuba ikabaki na shimo katikati, na sikupata cha kulijaza.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na maombi marefu, soda na mkate kwenye meza ya nyuma, ramani ya njano ukutani na yule afisa wa mipango kando yake. Wenye nyumba walikaa mbele, sisi tulikaa karibu na mlango kama watu wanaoweza kuambiwa watoke. Mwalimu Mutisya alizungumza vizuri, na lazima niseme hivyo, kwa sababu hakusema uongo. Alisema choo chetu hujaa wakati wa mvua na harufu huingia vyumbani mwake. Ilikuwa kweli. Alisema safu ya vyumba imeingia kwenye hifadhi ya barabara, ule ukanda wa pembeni uliotengewa barabara. Sikuwa najua, na ilikuwa kweli pia. Alisema watu waliweka akiba maisha yao yote wajenge mahali tulivu, akapigiwa makofi.

Halafu jina langu likaitwa. Nilitembea mpaka mbele nikiwa na karatasi zangu. Nilisoma mstari wa kwanza. Wa pili ulikuwa ukurasa mwingine. Nilipekua, karatasi moja ikaanguka, nikainama, nikasikia mtu akicheka puani, na nilipoinuka nilikuwa sina hotuba. Nilikuwa na mikono tu. Nakumbuka nilichosema kwa sababu Halima alikirudia kwa kejeli mwaka mzima, akiniigiza na sauti yangu ya mbuzi mwenye mafua.

"Mimi ndiye nilipewa kazi ya kuandika bango la kutufukuza," nilisema. "Mbao iko jikoni. Sijaiandika. Sitaiandika. Mimi naandika mabango ya huu mji wote, duka lako, na lako, na hii kanisa, hizo herufi hapo nje ni zangu, na R moja haijakaa sawa, najua. Mnataka niandike lakini nikimaliza niende mbali. Halima alete maziwa lakini aende mbali. Mlinzi alinde geti lakini alale mbali. Sisi hatuendi. Choo ni kibaya, mmesema kweli, tutajenga choo. Lakini hatuendi." Nikarudi kukaa nikiwa nimesahau kusema asante, na hilo la asante ndilo lililonitesa usiku kucha.

Makofi yalikuwa machache, ya nyuma tu. Ndipo Susu akasimama. Hakwenda mbele. Alisimama pale pale, mkono mmoja begani mwa Ndinda, na sauti ile ikafika ukutani.

"Mwalimu," alisema, "wewe umesoma, mimi sijasoma. Huyu ni Ndinda. Nilimtolea mbuzi. Watoto wake wana jina la bwana wangu. Huyu ofisa ni kijana wetu mzuri, lakini si wa hapa, na anasema sisi ni familia mbili kwa sababu ya jikoni. Mimi sitaki ofisa anijibu. Nataka wewe. Mbele ya hawa watu, mimi na Ndinda ni familia, ama si familia?"

Vijana waligeuka kumtazama Mwalimu kama watu wanaongoja jibu la kawaida. Wazee hawakugeuka. Wazee walitazama magoti yao, kila mmoja, safu baada ya safu, na nikajua Ndinda alikuwa amesema kweli na kwamba ukumbi mzima wa watu wenye mvi ulikuwa umeshika pumzi. Mwalimu alivua miwani. Aliipangusa kwa tai. Mpaka leo sijaamua kama Susu alimpa mlango au alimtegea mtego. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Niliuliza swali tu," akaniambia nichote maji.

"Ni familia," Mwalimu alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. Kisha akarudia, kwa sauti ya darasani. "Ofisa, andika. Ni familia moja."

"Na wapangaji?" Halima alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Hilo sikuulizwa," alisema Mwalimu, na watu wakacheka, hata sisi, kwa sababu pumzi ilikuwa imeachiliwa. Alipopita karibu nami akitoka, alisimama. "Ile mbao. Umeiandika?"

"Sijamaliza, Mwalimu," nilisema, kama mjinga, baada ya hotuba yote ile.

"Usimalize."

Sitaki kuandika kwamba tulishinda, kwa sababu ilichukua miezi na barua za ofisi na kungoja kwingi kwenye viti vya plastiki. Mpango ulipotoka, ile sentensi ya familia moja ilikuwa imeondolewa. Ploti zilizokuwepo ziliruhusiwa kubaki, ikiwa zitajenga choo kinachofaa na kuondoa chochote kilichoingia kwenye hifadhi ya barabara. Vyumba vipya vingehitaji kibali, na kibali ni kitu kigumu, na najua watu waliokosa mahali kwa sababu hiyo na wako upande wa mto mpaka leo. Afisa alikuja na kamba yake akapima kutoka barabarani. Kamba ilipita juu ya kitanda changu, katikati kabisa, ikakigawa kama mkate. Alinitazama kwa huruma. "Ni hiki tu," alisema. "Vingine viko salama."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji kizima cha wenye nyumba nikasema hatuendi, na chumba kilichoenda ni changu. Niliingia ndani nikapanga mikebe ya rangi kwa ukubwa, kwenye kizingiti ambacho kilikuwa na siku za kuhesabika. Sikulia. Nilikuwa na hasira ya aina ambayo inasafisha. Asubuhi Susu alipita kila mlango akaita mwethya, kama watu wanavyoitana kulima au kujenga: kila mtu aje na chombo chake, chakula kitapikwa. Walinzi walikuja kabla hawajalala. Halima alivaa gambuti. Tulikivunja chumba changu kwa mikono, tofali moja moja, bila nyundo kubwa, kwa sababu Susu hakutaka hata tofali moja livunjike. Yalipitishwa mkono kwa mkono kutoka barabarani mpaka nyuma ya uwanja, na huko nyuma fundi akayapokea akajenga choo. Vyumba viwili vya choo na bafu, ukuta ulionyooka, mlango unaofungika kwa ndani. Upande mmoja wa bafu ungeona madoa ya rangi yangu ya bluu, kwenye matofali ya pale ilipokuwa mikebe.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza hapa Kitui," Halima alisema, akipangusa jasho, "kukaa ndani ya choo kabla kijengwe."

"Angalau kinaruhusiwa na kaunti," nilisema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kusema jambo la kuchekesha bila kulifanyia mazoezi. Walicheka sana. Ndinda alilazimika kukaa chini. Nililala stoo kwake, katikati ya magunia ya ndengu, msimu mzima wa mvua, na choo hakikujaa, na harufu haikuvuka barabara. Chumba cha mwisho kilipobaki wazi nikahamia huko. Ndiko niliko.

Mbao niliiandika mwishowe, Susu akinisimamia akidai haraka kwa sababu alitaka ipigwe msumari kabla ya kanisa. Nyeupe juu ya kijani, kama ilivyoagizwa: KWA SYOMBUA NA NDINDA. VYUMBA VIPO. Haraka hiyo iliniponza. Herufi ya S imelala kidogo, kama mtu aliyeegemea ukuta. Kila mwaka niliomba niitelemshe niirekebishe, na kila mwaka alikataa. "Inasomeka," alisema. "Shuka kwa hiyo ngazi ule."

Ndivyo nilivyokuwa na mbao yote ile kichwani nikiwa kwenye foleni ya chakula, mbele ya mtu mwenye miwani ya jua. Muda mfupi kabla ya hapo, kando ya kaburi, mshereheshaji alikuwa ameita familia ya marehemu ije kupiga picha. Ndinda na watoto wake walisogea. Sisi wapangaji, wa sasa na wa zamani, tulibaki nyuma tukishika mikoba ya wengine. Nikahisi fimbo ikinigusa kiunoni. Alikuwa Mwalimu Mutisya, mzee sasa, miwani minene, amekuja kwa miguu.

"Mnangoja nini?" alisema. "Si familia imeitwa?"

Tukaenda. Picha imejaa mpaka pembeni, Halima amekatwa nusu.

Kwa hivyo yule bwana aliposema, "Si mnipe jibu tu, mtahama lini?" na mimi bado nilikuwa natafuta sentensi isiyo na kosa, Ndinda alikuwa nyuma ya sufuria na upawa mkononi, na alikuwa amesikia kila neno. Hakukasirika. Alimtazama kama alivyokuwa akitazama mahindi ya kupepeta.

"Huyo mpakulie ashibe," alimwambia binti yake. "Muongeze na nyama. Yeye ndiye ana safari."

Siku iliyofuata nilipanda ngazi getini na mkebe wa nyeupe. Jua lilikuwa limekula herufi. Nilizipitia moja moja, jina la Susu, jina la Ndinda, na nilipofika kwenye S nilikuwa na uzi wa chaki mfukoni na hakuna wa kunikataza. Niliipaka ilivyolala. Halafu nikashuka, nikarudi nyuma mpaka ukingoni mwa barabara, mahali kilipokuwa kitanda changu, nikahakikisha hata mtu mwenye miwani ya jua ataweza kuisoma: VYUMBA VIPO.